Kioo Kitupu kwa Mama Honorine

Kampemba, Jumapili mchana

Mpendwa Yaya Agnès,

Nakusalimu wewe dada yangu na shemeji, nikitumaini kikohozi cha mtoto kimepungua huko Kasumbalesa. Nyumbani tuko wazima. Papa amerudi kuimba kwenye koro. Nakuandikia kwa sababu kwa simu sauti ingenigomea.

Unajua kwamba tangu nipate diploma ninafanya kazi kwenye sekretaria ya Mama Honorine, tunapowapigia watu barua, mialiko ya ndoa na programu za maziko. Mama hasomi majina ya fishie, zile kazi tulizopiga na kuzihifadhi kwenye kompyuta. Anaziacha zote juu ya kioo cha ordinateri, na anazijua kwa mahali: ndoa kushoto, matanga kulia, barua za kuomba kazi chini.

Jumatatu, muda mfupi baada ya kuwasha mashine, kioo kilikuwa kitupu. Watu wa matanga walikuwa mlangoni wakingoja programu yao. Mama akamgeukia Guelor, mwenzangu aliyefanya kazi pale miaka miwili, akamuuliza mbele ya wateja wote, "Fishie ya batu iko wapi?" Guelor akacheka, akasema, "Mama, miye niliikula na bukari?" Kicheko kile kilimponza. Watu wa matanga wakaenda mikono mitupu.

Mimi pia nilimshuku. Kila jioni anaondoka na flashi ya kubebea fishie shingoni. Tena nilikuwa nimemwona akinong'ona na mwenye sekretaria ya ng'ambo ya barabara, akanyamaza nilipopita. Mama aliponiuliza, wateja wengine wakisikia, nilisema hayo yote, mimi niliyeshindwa hata kujibu darasani. Guelor akafukuzwa siku ile ile, nami nikapewa kiti chake.

Sasa, Yaya, soma polepole. Jumamosi ya kabla yake, nilipobaki peke yangu, niliweka kwenye ordinateri kaprogramu kadogo kanakopanga fishie kenyewe: picha katika dosie ya picha, barua katika dosie ya barua. Nilitaka kumfurahisha Mama. Nilibonyeza, sikuona kitu kikisogea, nikadhani kameshindwa, nikazima mashine. Kumbe kalikuwa kanangoja iwashwe tena.

Jumatano nilifungua dosie nisiyoijua, iliyotengenezwa na kale kaprogramu. Fishie zote zilikuwamo, zimegawanywa katika dosie ndogo, hata ile programu ya maziko. Niliifunga. Tangu hapo nimekuwa nikipiga upya kazi za wateja huku nikijua ziko wapi, na kila anayeinama kutazama kioo namwogopa, nikidhani amekwisha kujua. Jana Mama alinisifu kwa bidii yangu.

Guelor nilimsema mbele ya wateja. Kesho asubuhi, watakapojaa, nitajisema mbele yao, kisha nitasimama kando ya kile kiti. Utakaposoma haya nitakuwa nimekwisha kusema. Usiniombee kazi, mwombee yeye arudi.

Mkumbatie mtoto kwa niaba yangu, na shemeji umfikishie heshima zangu.

Mdogo wako anayekupenda,
Keren