Mstari wa Upande wa Kushoto

Jumatatu, 6 Mei
Nimekamua ng'ombe, nimefuta pikipiki ya baba. Kama kila asubuhi tangu tumzike. Ni nzee kuliko kaka Elia, na mistari ya dhahabu kwenye tangi bado inang'aa. Elia kapiga simu kutoka mjini. Anataka ipigwe msasa, ipuliziwe rangi mpya kwa harusi ya mwanawe. Eti mistari ni stika tu. Sikubali.

Jumatano, 8 Mei
Nimeipeleka Kiboriloni, kwa fundi Salimu. Amepitisha ukucha kwenye mstari wa kulia. Umeinuka kidogo, unene haulingani, na mahali brashi ilipoanza na kumalizia panaonekana. Stika haiko hivyo. Umechorwa kwa mkono, kiwandani. Nilitaka kumpigia Elia nimcheke.

Kisha akahamia kushoto. Chini ya rangi kuna mbonyeo. Mstari unayumba.

"Huu si wa kiwandani, dada. Kuna mtu aliurudia. Niufute, nichore unaofanana na ule?"

Nimemkatalia. Nimeumia, lakini nimekataa.

Alhamisi, 9 Mei
Nimemwuliza mama akimenya ndizi. Akacheka, mara ya kwanza tangu msiba. Baba aliteleza na pikipiki kwenye tope kule Kahe, tangi likabonyea. Akaona aibu kwenda nayo kanisani. Mama akauchora mstari mwenyewe, kwa manyoya ya mbuzi aliyofunga kwenye kijiti. Mstari uliyumba kwa kuwa alikuwa na mimba yangu, nikimpiga mateke.

Jumamosi, 11 Mei
Elia amekuja na mpiga rangi wake, na mashine. Shikamoo ya mama ameitupa tu akipita. Nimesimama mbele ya pikipiki. Nimemweleza aliyoyasema Salimu, kulia na kushoto. Akadakia kabla sijamtaja mama: kumbe kushoto ni feki! Akasema mimi si mwenye mji huu.

"Basi anza kunipulizia mimi."

Mpiga rangi akaangalia chini. Mama akatoka jikoni, mikono imejaa utomvu wa ndizi.

"Elia, huo mstari niliuchora mimi."

Hakujua. Alichuchumaa, akautazama muda mrefu. Mashine ikarudishwa garini. Hajaniomba radhi. Sijali. Angekuja na mafundi kumi, ningesimama palepale.

Jumapili, 12 Mei
Mvua imekatika mchana. Baada ya ibada mama ameomba kupanda pikipiki. Nimemwendesha polepole hadi mtoni, tukarudi. Alinishika kiunoni.