Picha Niliyowatumia Mafundi wa Kompyuta

Mwenzangu, nimeumbuka!

Kompyuta yangu ilikuwa inamwonyesha kitukuu wangu pichani kijani kama mchicha. Nikawaandikia mafundi wa ile programu ya bure ninayotazamia picha, hadharani mtandaoni. Nikawatumia picha iliyopigwa na kompyuta yenyewe. Wakasema, “Bibi, mbona mtoto yuko sawa?”

Yuko sawa!! Kumbe ukijani uko kwenye kioo cha kompyuta tu, haumo kwenye ile picha! Nikachukua simu, nikakipiga picha kioo chenyewe.

Kitendawili: picha ya mtoto, wanaotazamwa ni wawili. Umeshindwa? Kioo kilininasa na mimi! Na taulo! Bila meno!

Nikawaomba waifute. Fundi mkuu akajibu, “Samahani bibi, ndiyo pekee inayoonyesha kasoro. Mafundi wote wanayo.”

Wote, mwenzangu!

Nikamwambia: “Haya, nitazameni mpaka mchoke, ila mkimaliza mnirudishie mtoto na weusi wake aliozaliwa nao.”