Magunia Mawili ya Mchanga

KITUO CHA POLISI KAIRAVAARA
Maelezo ya shahidi, yaliyochukuliwa Alhamisi tarehe 18 Januari 2018, saa nne na robo asubuhi

Jina: Aune Vuontela
Umri: miaka 71
Kazi: mstaafu, zamani msambazaji wa barua
Makazi: kijiji cha Petäjäkylä, nyumba ya mwisho kabla ya ziwa

Nimekuja kituoni kwa hiari yangu. Mume wangu Veikko, mwenye miaka 76, ameketi hapo kwenye korido. Anadhani nimefuata chupa yangu ya kahawa iliyobaki ndani ya gari letu, ambalo lilivutwa hadi uani hapa kwenu. Mwacheni adhani hivyo kwa sasa.

Gari letu ni la zamani, linasukumwa na magurudumu ya nyuma, na nyuma yake ni jepesi. Kwa hiyo kila mwaka theluji ya kwanza ikianguka, Veikko hupanga kwenye buti magunia mawili ya mchanga, kilo arobaini kila moja, juu kabisa ya ekseli ya nyuma ili magurudumu yasiteleze, akayafunga kwa kamba. Hayatoki hadi Mei. Aliendesha lori la maziwa miaka thelathini na moja, na hilo kwake si la mjadala.

Jumamosi tarehe 13 Januari mvua ilinyesha juu ya theluji, kisha baridi ikakaza. Njia ya kwenda sauna, bafu letu la mvuke lililoko uani, ikawa kioo cha barafu. Mdogo wangu Hilkka, aliyewekewa nyonga ya bandia mwezi Novemba, alikuwa anakuja kuoga. Saa nane mchana, Veikko akiwa amelala, nilifungua buti, nikayaburuta magunia yote mawili na kuumwaga mchanga wote njiani. Hilkka alifika sauna na kurudi bila kuyumba, nami nikajiona mwerevu sana.

Nilipanga kuyajaza tena kutoka kwenye sanduku la mchanga la kijiji. Jumapili nilikwenda, nikakuta mchanga umeganda. Nilipiga sepetu hadi mkono ukafa ganzi. Nilirudi na magunia matupu, sikumwambia mtu.

Jumanne tarehe 16 Januari, saa tatu kasoro dakika kumi asubuhi, tuliondoka kwenda mjini. Veikko aliondoka kwa gia ya pili, polepole kama kawaida yake. Hata hivyo, pale getini mkia wa gari ulicheza.

Alisema, "Leo hili gari lina nini? Limekunywa?"

Nikamwambia, "Endesha tu, baba. Barabara mbaya."

Hapo ndipo nilipokosa. Ningesema neno moja tungerudi nyumbani.

Saa tatu na dakika tano tulikuwa kwenye mteremko wa Kissamäki, mwendo wa kilomita arobaini kwa saa. Lori la kusukuma theluji lilikuwa linapanda kutoka chini. Veikko aliondoa mguu kwenye mafuta, na papo hapo mkia ukachomoka kwenda kulia na pua ikaelekea kushoto, upande wa lori. Hakugusa breki. Alikanyaga klachi na kuzungusha usukani kulia, kuufuata mkia. Kwa magunia ingetosha. Bila magunia mkia ulirudi kwa kasi upande wa pili. Akaona hatutanyooka kabla ya lori, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Shika, mama," akaliingiza gari kwenye tuta la theluji upande wetu. Lori lilisimama hatua nne kutoka mkia wetu. Nilizihesabu baadaye.

Hatukuumia. Niliogopa, nasema hivyo bila aibu.

Dereva wa lori, Jarkko Pelttari, ambaye ni jirani yetu, alishuka akipiga kelele: "Mzee Veikko! Hiyo leseni kaitundike ukutani! Nusura nikuzike hapahapa!"

Veikko alikwenda nyuma kuchukua sepetu. Akafungua buti, akasimama. Aliona kamba tu. Akanitazama kwa muda, akafunga buti taratibu.

Konstebo Mertanen alipofika, alimpima pombe, hakuna. Akamuuliza kilichotokea. Veikko akasema, "Kosa langu. Mikono imezeeka." Leseni ikachukuliwa hadi atakapopimwa na daktari.

Nyumbani hakunisema. Alikula supu yake, akaosha bakuli lake. Jana binti yetu alipiga simu kutoka mji wa Oulu, ametupatia fleti ya vyumba viwili, ghorofa ya tatu. Basi la kwetu hupita Jumanne na Alhamisi tu. Bila leseni hatuwezi kubaki. Nikamsikia Veikko akimuuliza kama huko kuna sauna. Usiku ule sikulala.

Mikono yake haijazeeka. Mikono hiyo ndiyo iliyotuokoa. Aliyetoa magunia ni mimi, na kama kuna adhabu niandikiwe mimi.

Sina zaidi. Nimesomewa, ndivyo ilivyokuwa, na sasa napumua.

Sahihi: A. Vuontela

Maelezo ya ofisa: Nimekagua gari. Breki nzima, matairi manne yote ni ya barafu, yenye misumari. Kwenye buti kuna kamba na punje za mchanga. Jarkko Pelttari, kwa simu, amekubali kwamba dereva hakufunga breki na kwamba aliingia tutani kwa makusudi, akaongeza, "Basi mwambie mzee aniwie radhi." Sioni sababu ya kumpeleka kwa daktari. Leseni na ufunguo nimevirudisha saa tano na dakika kumi.

Mume alipoelezwa kwenye korido alimwambia mkewe, "Ungenyamaza tu, bibi wewe," kisha akapenga kamasi kwa muda mrefu.

Niliwapa tahadhari kwamba buti bado ni tupu. Shahidi alifungua mlango wa nyuma, akaketi katikati kabisa ya kiti, akasema ana kilo sabini na tisa na atakaa hapo hadi Mei. Waliondoka uani kwa gia ya pili. Mkia haukucheza.

Konstebo P. Mertanen