CD4 za Muoki

Kayole, 4 Machi 2023

Mama mkwe,

Salamu nyingi. Natumai mguu umepata nafuu. Mimi mzima, ingawa uliwaambia akina mama wa kanisa kwamba Krismasi sitaiona. Naandika barua kwa sababu umenifungia simu.

Ulisema mbele yao kwamba mimi ndiye niliyemletea Muoki virusi, ukanifukuza kama mbwa. Sasa sikiliza. Wiki ya harusi nilipimwa, nikawa sina. Muoki aliniambia amepimwa kwingine. Miezi minane baadaye tukapimwa pamoja, sote tukakutwa navyo. CD4 zangu, hizo seli za damu zinazokinga mwili, zilikuwa mia saba. Za mwanao, arobaini na moja. Nesi alisema huo si ushahidi wa kortini, lakini kwa kawaida mtu hushuka hadi hapo baada ya miaka.

Nataka usimame palepale uliposimama, useme ukweli.

Mkaza mwanao,
Mbeti

Makongeni, 19 Machi

Mbeti,

Salamu nimepokea. Mguu bado. Mambo ya damu ni ya madaktari, mimi namjua mwanangu. Mhubiri amemwombea, amepona, na dawa ameacha. Usiniandikie tena.

Mama Muoki

Makongeni, 10 Septemba

Mwanangu Mbeti,

Hujambo? Afya yako je? Huku si kuzuri. Muoki amelazwa, ana kifua kikuu. Daktari alipima wingi wa virusi kwenye damu, akasema vimejaa. CD4 zimebaki tisa. Dawa anazikataa, anasema atameza ukija wewe. Nakuomba kama mzazi, njoo.

Mamako

Kayole, 13 Septemba

Mama,

Pole kwa kuuguza. Nimesikitika, na pia nimefurahi, sitakudanganya. Uliponiita malaya sikuwa mwanao. Jumapili nitakaa benchi la nyuma kanisani. Ukisema ukweli, nitaenda wodini. Usiposema, utamzika.

Mkaza mwanao,
Mbeti

Kayole, 20 Septemba

Mama,

Habari za tangu Jumapili? Nilikusikia. Ulisema, "Mbeti hakuleta ugonjwa kwangu. Aliyeuleta ni mwanangu, na mimi nikamsingizia mke wake." Nilikuwa nimejiandaa kucheka, lakini nilipokuona umeshikilia kiti usianguke, kicheko hakikuja.

Wodini Muoki alinishika mkono akaomba turudiane. Nilimpa maji na vidonge, nikangoja mpaka akameza. Kisha nikamwambia, "Mimi sirudi. Lakini wewe utaishi. Utakuwa ukinikuta njiani nikiwa na afya yangu, na kila ukiniona utajua ulichonifanyia."

Akageukia ukutani.

Mimi nimepimwa tena wiki iliyopita. Virusi havionekani kwenye damu. Dawa ninazomeza ndizo hizo hizo alizoacha mwanao. Basi msimamie, asiruke hata siku moja, na mhubiri asikanyage pale. Nataka azeeke.

Aliyekuwa mkaza mwanao,
Mbeti