Mashine ya Bei Nafuu kwa Haridas

Kiponda, uko? Natoka dukani kwa Haridas sasa hivi. Mashine ya kuchomelea sikuinunua.

Nilichagua ile ndogo ya bei nafuu, kama yako uliyoisifia. Banda langu la kuku halihitaji zaidi. Maelezo yote niliyasoma mwenyewe, Haridas akinitazama.

Lakini boksi lilikuwa limefunguliwa. Na meno ya koleo lake la kubania chuma yalikuwa na rangi ya kijani. Nikamwambia, "Bwana Haridas, hii imetumika. Waniuzia mtumba kama kitu kipya?"

Hakukana. Hakukana hata kidogo. Akasema, "Mzee wangu, imerudishwa, ndiyo maana nimekupunguzia bei. Mwenyewe ilimshinda."

Nikamuuliza ni nani huyo. Akacheka. "Rafiki yako wa Kibarani, Mzee Kiponda. Haikumtolea hata cheche moja."

Hata cheche moja, Kiponda. Nami nimesimama pale na pesa mkononi.

Jumapili nililisifu lango lako kanisani, mbele ya watu, kwamba umelichomelea kwa mikono yako.

Naona umesoma. Basi niambie, lile lango la kijani, nani alilichomelea?