Matundu ya Ghala

Jumatatu, 6 Oktoba 1986

Leo nimejiponza kwa mdomo wangu. Kuta za jengo la maduka nililolichora zimefika juu, kamati ya mji ikaja kukagua. Mwenyekiti Nzomo akauliza yale matundu chini ya paa ni ya nini. Ningesema ni ya hewa, basi, yaishe. La! Nikajigamba. Nikawaambia nimeyaiga kutoka ikumbi, ghala la mama kule Kabati — fito zina nafasi, upepo unapita, mahindi hayaozi. Jua la Kitui halina huruma, nikasema. Joto litokee juu, na veranda pana izuie jua la alasiri.

Halafu wakacheka. Nzomo hakucheka.

"Ndolo, sisi tulikuambia utujengee plaza kama ya Nairobi. Sasa wewe unatuwekea ikumbi hapa taoni?"

Alhamisi, 20 Novemba

Veranda imekatwa kwenye plani. Mahali pake ni vioo, kutoka chini hadi juu, vinatazama magharibi. Magharibi! Nimebishana hadi koo likakauka. Kontrakta anasema yeye anamsikiliza mwenyekiti tu.

Dada yangu Ndinda anafurahi. Miaka yote ameshonea kwenye veranda ya duka la Othman, vumbi kwenye nguo za wateja. Sasa atakuwa na duka lake, lenye kioo. Nilijaribu kumweleza habari ya joto. Akaniuliza kama namwonea wivu.

Jumanne, 13 Januari 1987

Mafundi wanaziba matundu. Kwa simiti. Safari hii si Nzomo — ni wenye maduka wenyewe walioomba, Ndinda akiwa mbele. Vijana wa stendi wameshaanza kuwauliza wanahamia lini ikumbi, na hakuna anayetaka kuitwa mtu wa ghala.

Nilisimama chini ya ngazi nikatazama tundu moja baada ya jingine likifa. Nilitaka kulia. Niliona aibu mbele ya mafundi.

Ijumaa, 6 Februari

Ufunguzi. Kwaya, utepe, picha. Mchungaji alifupisha maombi, jasho likimdondokea kwenye Biblia. Jiwe la mlangoni lina jina langu: Msanifu, Ndolo Kiema. Mama alilipapasa kwa vidole, akatabasamu.

Jumanne, 17 Februari

Mchana hakuna mteja anayeingia mle. Wanasimama nje, wanatazama kupitia kioo, wanaenda zao. Ndinda anapiga pasi ya makaa humo humo, mlango wazi, na bado ni tanuri.

Alirudi kwa Othman kuomba nafasi yake ya zamani. Othman alikuwa radhi kabisa. Lakini amri imetoka: kuuza kwenye veranda ni marufuku, kila mtu aingie jengo jipya. Askari walimfukuza kabla hajafungua cherehani.

Jumatano, 25 Februari

Kalunde yuko hospitali. Mtoto wa Ndinda, hata hajaanza kutambaa. Alikuwa amelala nyuma ya cherehani alasiri, mama yake akamgusa — moto, na hashtuki. Nimembeba mimi. Alikuwa amelegea kama nguo iliyotoka majini. Nesi akauliza tulikuwa tumemfungia wapi.

Ametundikiwa maji. Mungu, mwache huyu.

Alhamisi, 26 Februari

Amenyonya.

Jumamosi, 28 Februari

Nimemwendea Nzomo. Nimemwomba matundu tu, vioo abaki navyo. Akakataa. Ukuta umepakwa rangi, wageni wa wilaya wanakuja, na atakayeugusa atalala seli. Akanikumbusha, kwa upole kabisa, kwamba wenye maduka ndio waliotaka.

Ndinda amemtoa Kalunde hospitali. Jumatatu anarudi dukani, na mtoto hana wa kumwachia. Mama ni mgonjwa wa miguu. Hakunipigia kelele, afadhali angepiga.

"Kaka, jina kwa mlango ni lako. Mimi nitaambia watu nini?"

Jumapili, 1 Machi

Niko dukani kwa Ndinda. Alinipa ufunguo bila kuuliza. Watu wako kanisani. Nina ngazi, nyundo na patasi. Nimeshuka nipumzike na kuandika, jasho linalowesha karatasi.

Simiti ni nzuri! Kontrakta yule aliyeiba simiti ya ngazi na ya choo, hapa hakuiba hata kidogo. Tangu asubuhi nimetoa kipande cha ukubwa wa kucha. Hewa haipiti. Nimejenga nyumba moja tu nyumbani kwetu, na ndiyo hii.

Ibada imekwisha. Nilisahau vioo — barabara nzima inaniona humu, kama bidhaa. Wanasimama. Mtu anasema ikumbi, wengine wanacheka. Nzomo amefika, tai shingoni, anagonga kioo, mimi naandika tu. Ametuma mtu kituo cha polisi.

Ndinda yuko nyuma yake, Kalunde mgongoni. Nzomo anamgeukia, anamuuliza kitu, siwezi kusikia, ila nasoma midomo yake: ufunguo. Anamwonyesha mimi, kisha ukuta. Wenye maduka wote wanamngoja ajibu.

Ndinda anatazama chini. Anatikisa kichwa: si yeye aliyenipa.