Athumani Hakusamehewa

Mama,

Athumani ametoka jela. Nimeanza na hilo makusudi, maana nikianza na hasira zangu sitafika huko.

Alitoka siku chache kabla ya sikukuu ya Jamhuri, na hapo ndipo balaa lilipoanzia. Unawajua watu wa Kangemi. Kila Jamhuri wafungwa husamehewa na Rais, basi walipomwona mwanao anashuka barabarani na kifurushi chake, wakaamua wenyewe. Mama Nekesa wa chumba cha pili alikuja na kuku mzima, maskini, machozi yanamtoka: "Mungu ni mkubwa! Serikali imeonea huyu kijana huruma!" Hata imamu, baada ya sala ya Ijumaa, akamwombea dua kijana wetu aliyesamehewa, Mola amwongoze asirudie tena. Asirudie! Asirudie nini? Nilikuwa upande wa wanawake, nikauma ncha ya buibui nisije nikapiga kelele msikitini.

Hakusamehewa, Mama. Hukumu ilifutwa. Yule wakili wa Hurlingham, uliyekuwa ukimfulia nguo mpaka akachoka kukuona unalia juu ya karai, alisimama mahakamani akaeleza yote. Vitambaa vya Bwana Salimu viliibwa na mpwa wake mwenyewe, na mpwa huyo kakamatwa Nakuru akiviuza. Athumani alikuwa fundi wa cherehani wa Bwana Salimu tu, pale dukani kwake mjini. Jaji akasema hana hatia, aende zake. Basi, aende zake! Hakuna aliyemwambia hata pole. Uhuru wenyewe miaka kumi haujatimiza, na fundi anafungwa kwa neno la tajiri.

Unamkumbuka yule karani aliyekushauri uombe msamaha serikalini, mwanao atoke mapema? Ulikuwa umekalia mbuzi unakuna nazi, hukuinua hata kichwa. Ulimwambia, "Nikiomba msamaha, nimekubali kuwa kaiba. Mwanangu hakuiba." Nilikukasirikia, Mama, leo nakwambia. Wenzake walioombewa walitoka Jamhuri ya mwaka jana. Wewe masika yalipoingia pumu ikakuchukua, na yeye hakuruhusiwa hata kuja kukuzika. Hilo nalo jaji gani atalifuta?

Na yeye mwenyewe, loo! Jela imemfanya mpole wa kuudhi. Anayemwambia hongera umesamehewa, anajibiwa "Asante." Akitaka kwenda msalani ananiomba ruhusa, mimi dada yake mdogo! Nikamgombeza: "Kwani huna ulimi? Mama kafa akikataa neno hilo, wewe unalishukuru?" Akainamisha kichwa, akaendelea kunywa chai yake.

Jumapili Bwana Salimu akaja mwenyewe, kanzu imenyooka pasi, mkononi kabeba halua. Akaketi kitandani kwako bila kukaribishwa. Akasema yaliyopita yamepita, kazi ipo, cherehani ipo, ila funguo za duka Athumani hatashika tena, maana wateja watasema. Halafu akanyoosha mkono, na sauti ya huruma kabisa: "Mimi nimeshakusamehe, mwanangu."

Wallahi, Mama, damu ilinipanda kichwani. Lakini ndani hatukuwa na unga, kodi ya chumba ilikuwa imepita, na nani mwingine mjini angemwajiri mtu aliyetoka jela? Nikamwona Athumani anautazama ule mkono. Nikajua atasema asante.

Akasimama. "Bwana Salimu," akasema, kwa upole wake ule ule, "wewe uliapa mbele ya hakimu kwamba uliniona nikitoka na vitambaa. Hukuniona. Mamangu kafa mimi sipo. Wewe ndiye wa kuniomba msamaha mimi, na leo sina wa kukupa."

Akachukua halua, akamrudishia mkononi, akamfungulia mlango. Tajiri mzima akatoka akijikwaa kizingitini. Mimi nilicheka, kisha nikalia, kisha nikakoka moto tukachemsha maharagwe ya jana.

Sasa amekodi cherehani, anashona kwenye baraza ya duka kule mtaa wa Satellite. Wateja ni wachache, na wapo wanaozifunga pochi wakimkaribia. Haya, nao wamo kwenye orodha yangu. Imamu nimeshamfuata mpaka nyumbani kwake. Alinisikiliza, akaona haya, akaahidi Ijumaa atasema mbele ya watu wote.

Lala salama, mamangu. Sikukasirikii tena. Nakuahidi nitaipita Kangemi mlango kwa mlango, nianzie kwa Mama Nekesa aliyemchinjia kuku, na kila mlango nitasema ulilosema wewe mpaka ukafa: Athumani hakuiba.

Mwanao,
Mwanajuma